UZI: Sukari imeshuka, sawa. Je, umenusurika na nini? Tafiti za kisukari kwa lugha yetu

#1 BintiVipimo (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu.

Mimi ni muuguzi wa utafiti. Mwaka wa kumi na moja huu kazi yangu ni kukaa na wagonjwa wa kisukari walioingia kwenye majaribio ya dawa: nawatoa damu, nawapima miguu, nahesabu vidonge walivyobakiza kwenye chupa, napokea simu zao saa nane za usiku. Kuna swali nakutana nalo kila wiki, kazini na humu ndani: "Hii dawa inashusha sukari kwa kiasi gani?" Swali zuri, ila ni nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo imenileta: ikishashuka, mgonjwa amenusurika na nini? Jicho? Figo? Mguu? Moyo? Au imeshuka kwenye karatasi tu?

Naanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Januari 1922, Toronto, Kanada. Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14, amelazwa akiwa amebaki ngozi na mifupa. Tiba ya enzi hizo ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili asife haraka. Frederick Banting na Charles Best walikuwa wamekamua maji kutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Tarehe 11 mtoto akachomwa. Sukari ikashuka kidogo tu, na pale sindano ilipoingia pakafanya jipu. Wakasimamisha. Mwenzao James Collip akazama maabara kuyasafisha yale maji, na tarehe 23 Leonard akachomwa tena. Safari hiyo sukari ikateremka kwelikweli. Akaishi miaka 13 zaidi.

Wengi hadithi wanaimalizia hapo. Kwangu ndipo inapoanza. Kabla ya insulini, ndiyo yale maji ya kongosho, mtoto mwenye kisukari alikuwa hamalizi hata miaka michache. Baada ya insulini akaishi kutosha kupofuka, kutosha figo kuchoka, kutosha miguu kufa ganzi. Na kwa miaka sitini madaktari wakabishana: haya yote yanaletwa na sukari yenyewe, au ni sehemu ya ugonjwa hata ukiidhibiti vipi? Kila mmoja alikuwa na imani yake.

Mwaka 1983 Marekani na Kanada wakaanza utafiti ulioitwa DCCT. Watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza (kongosho limeacha kutengeneza insulini) wakagawanywa kwa kura. Kundi moja likabaki na utaratibu wa kawaida wa wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku. Kundi la pili sindano tatu au zaidi, au pampu, na kujipima kidole angalau mara nne kila siku. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kikakaa kwenye asilimia 9 kwa kundi la kwanza na 7 kwa la pili. Mwaka 1993 ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi mno: kwa walioanza wakiwa na macho mazima, uharibifu wa retina, pazia la nyuma ya jicho, ulipungua kwa asilimia 76. Wa neva, mishipa ya fahamu, asilimia 60.

Na gharama yake? Kushukiwa na sukari vibaya, kiasi cha kuhitaji msaada wa mtu mwingine, kulikuwa mara tatu zaidi kwenye kundi la sindano nyingi.

Naendelea, ngoja nipokee mgonjwa.

#2 Mzee_Kongosho

Binti yangu, si umeshajibu mwenyewe? Sukari ishuke, macho yapone. Uzi ufungwe. Mimi nina aina ya pili mwaka wa 22, nashusha mpaka 5 na ushee na najisifu.

#3 NipoSitiYaMbele

Shusha nondo dada, nafuatilia.

#4 BintiVipimo

Mzee wangu Kongosho shikamoo. Hiyo 5 na ushee yako ndiyo naijia sasa, tena kwa woga kidogo.

Baada ya DCCT kila mtu alifikiri kama wewe: kama 7 ni nzuri, basi 6 ni nzuri zaidi. Wakaanzisha utafiti ulioitwa ACCORD. Watu 10,251 wenye aina ya pili (mwili unaitii insulini kwa shida), wastani wa umri miaka 62, wengi wameishi na kisukari kama miaka kumi, na zaidi ya theluthi moja moyo wao ulishawahi kupata tatizo. Nusu wakapewa lengo la kushusha HbA1c chini ya 6, kwa dawa yoyote na kwa idadi yoyote ya dawa. Wakafika 6.4. Kundi la kulinganisha likakaa 7.5.

Februari 2008 upande ule wa lengo kali ukasimamishwa. Waliokufa kwenye kundi la kushusha kwa nguvu walikuwa 257. Kundi lililoachwa juu kidogo, 203.

Someni tena. Sukari ilishuka vizuri kabisa, na watu wakafa zaidi.

Sababu bado inabishaniwa. Wapo wanaosema ni kushukiwa mara kwa mara, wapo wanaosema ni dawa zilizorundikwa pamoja, wapo wanaosema ni kasi yenyewe ya kushusha. Funzo la kazini kwetu likawa moja: mtu mzima mwenye moyo uliochoka usimkimbize.

Sikwambii ubadilishe dozi leo, mzee wangu. Nakuuliza tu: hiyo 5 na ushee unaifikia kwa dawa gani? Kama ni metfomini na kutembea, hongera. Kama kuna insulini au vidonge vinavyolikamua kongosho, na kuna asubuhi unaamka umeloa jasho unatetemeka, mpelekee daktari wako hiyo habari wiki hii.

#5 Mzee_Kongosho

Marahaba. Kuna insulini. Na jasho lipo, nilidhani ni uzee.

#6 MamaWawili

Jamani mmenitia hofu. Mwanangu ana aina ya kwanza, miaka 12, yuko 7.2 na nimepigania hiyo namba kama vita. Sasa nimuache ipande?

#7 BintiVipimo

Hapana dada, usiiachie hata kidogo. Ndiyo maana nachukia utafiti ukinukuliwa bila kusema ulifanywa kwa nani. ACCORD ilikuwa ya watu wazima wenye mishipa iliyokwishaumia. Mwanao yuko karibu zaidi na wale wa DCCT.

Na wale wa DCCT wana mwendelezo. Utafiti ulipoisha, kundi la kawaida nalo likafundishwa sindano nyingi, na baada ya miaka michache HbA1c za makundi yote mawili zikakutana kwenye karibu 8. Kwa hiyo tofauti ingefutika, sivyo? Haikufutika. Waliendelea kufuatiliwa, na ripoti ya 2005 ikaonyesha kwamba waliodhibitiwa vizuri ile miaka ya mwanzo walipata shambulio la moyo lisiloua, kiharusi au kifo cha moyo kwa asilimia 57 pungufu. Mwili unakumbuka. Miaka unayopigania sasa ni akiba, itamlipa akiwa na miaka arobaini. 7.2 kwa mtoto wa miaka 12 ni kazi ya kupongezwa.

#8 KisuButu

Nyie endeleeni kushangilia. Tafiti zote hizi analipia nani? Wenye dawa. Mwenye duka atasema chumvi yake haina ladha? Halafu mnawafanya wagonjwa panya.

#9 BintiVipimo

Mkuu KisuButu, shaka yako ina mantiki, tena historia inakuunga mkono. Mwaka 2007 daktari wa moyo Steven Nissen na mwenzake walikusanya takwimu za majaribio ya rosiglitazoni, dawa iliyokuwa inauzwa sana na inayoshusha sukari vizuri. Wakakuta hatari ya shambulio la moyo imeongezeka kwa asilimia 43. Dawa ilikuwa sokoni tangu 1999, imeruhusiwa kwa kuonyesha namba ya sukari imeshuka basi.

Kelele zilizofuata zikazaa kitu cha maana. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikasema: kuanzia sasa, anayeleta dawa mpya ya kisukari aonyeshe kwamba haiumizi moyo. Kampuni zikalalamika sana, maana inabidi ufuatilie maelfu ya watu kwa miaka.

Kejeli ni kwamba sheria hiyo ya kuzuia madhara ndiyo iliyofichua faida ambayo hata wenye dawa hawakuitegemea. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya empagliflozini, kidonge kinachofanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Watu 7,020, wote wenye aina ya pili na moyo au mishipa iliyokwishaugua. Vifo vya moyo vikapungua kwa asilimia 38. Na tofauti ya HbA1c kati ya makundi ilikuwa ndogo tu! Unaona? ACCORD: sukari chini sana, vifo juu. Hii: sukari chini kidogo, vifo chini sana. Namba na mgonjwa ni vitu viwili.

Ila hapa tuwe wakali pamoja, mkuu. "Asilimia 38" ni namba ya kwenye matangazo. Ukihesabu vichwa, kati ya watu 100 waliopewa dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani), karibu 6 walikufa kwa moyo katika miaka mitatu hivi. Kwa waliopewa dawa halisi, karibu 4. Yaani watu wawili kwa mia. Kwangu ni kubwa, kwa sababu nawajua kwa sura watu wa namna hiyo. Lakini mtu akikutajia asilimia ya kupungua bila kukwambia ni wangapi kati ya wangapi, mdai.

Kuhusu panya: dawa bandia haimaanishi mtu anaachwa bila tiba. Wote wanaendelea na dawa zao, linaloongezwa ni kidonge kimoja ambacho mgonjwa hajui na mimi ninayempa sijui. Kuna kamati huru inayofungua takwimu kwa siri na inaweza kusimamisha kila kitu, kama ilivyokuwa ACCORD. Na fomu ya ridhaa, usomewe mpaka uelewe. Unaweza kujitoa siku yoyote na kliniki iendelee kukutibu. Ukiona mahali wanakuharakisha kusaini, ondoka.

#10 KisuButu

Sawa, hapo kwenye vichwa 6 na 4 nimekuelewa. Sijashawishika kuhusu kampuni lakini nimekuelewa.

#11 NipoSitiYaMbele

Sasa kidonge cha kukojoza sukari kinasaidiaje moyo? Naona kama uganga.

#12 BintiVipimo

Hahaha. Kwenye moyo wataalamu bado wanavutana. Kwenye figo maelezo yako wazi zaidi, na mimi napenda sana kuyaeleza.

Figo inachuja damu, kisha inarudisha vitu vizuri ndani, sukari ikiwemo. Mlango unaorudisha sukari unarudisha na chumvi kwa pamoja. Sukari ikiwa nyingi, mlango unafanya kazi kupita kiasi, chumvi inanyonywa mapema, na kile kituo cha ukaguzi kilicho mbele ndani ya figo kinaona chumvi kidogo inapita. Kinadhani damu haichujwi ya kutosha. Kinafanya nini? Kinafungua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Shinikizo linapanda kwenye vichujio vidogo mno, miaka kwa miaka, mpaka vinatoboka na protini inavuja. Kidonge kinafunga ule mlango, chumvi inafika kwenye kituo, kituo kinatulia, mshipa unabana, shinikizo linashuka.

Ndiyo maana ukianza dawa hizi kipimo cha figo huonekana kimeshuka kidogo wiki za mwanzo, na wagonjwa wangu hupiga simu wakilia. Mara nyingi ni chujio linapumzika.

Ushahidi upo wa kurudiarudia: utafiti wa CREDENCE wa 2019, watu 4,401 wenye kisukari na figo zinazovuja, ulisimamishwa mapema kwa sababu dawa ya kundi hili ilipunguza kufeli kwa figo na vifo vinavyohusiana kwa asilimia 30. Mwingine, DAPA-CKD, mwaka uliofuata ukafika 39, na humo walikuwamo hata wasio na kisukari. Kampuni tofauti, molekuli tofauti, jibu moja. Hilo, mkuu KisuButu, ndilo linalonipa mimi imani kuliko sahihi ya profesa yeyote. Na asili ya dawa hizi ni florizini, iliyotolewa kwenye magome ya mti wa tufaha mwaka 1835. Karibu miaka 180 njiani!

Madhara: fangasi sehemu za siri, hili ni la kawaida na watu wanaona haya kulisema. La hatari zaidi ni asidi kujaa kwenye damu huku sukari haijapanda sana, kwa hiyo mtu akitapika, akiwa hali chakula, au akienda kupasuliwa, daktari humsimamishia.

#13 JichoMoja

Mbona hamgusi macho. Mimi la kushoto lilishakwenda. Nilikuwa naona vizuri kabisa mpaka siku damu ilipovuja ndani, kama mtu kamwaga wino kwenye maji.

#14 BintiVipimo

Pole sana ndugu yangu. Umesema jambo ambalo vitabu vinalisema kwa ubaridi: retina inaharibika kimyakimya, na unaweza kuona vizuri hadi siku ya mwisho. Kupimwa kila mwaka kwa kupanua mboni ni kwa ajili ya wanaoona vizuri.

Kwa jicho lililobaki kuna mengi. Mionzi ya leza ilithibitishwa miaka ya sabini, inachoma pembeni ya retina ili kuokoa katikati, na bado inatumika. Kisha zikaja sindano za ndani ya jicho zinazozuia mishipa mipya dhaifu isiote. Karibuni zaidi, 2024, utafiti wa LENS wa Scotland uliwapa watu 1,151 wenye uharibifu wa mwanzo fenofibreti, kidonge cha mafuta ya damu cha miaka mingi. Kuendelea kwa uharibifu hadi kiwango cha kuhitaji mtaalamu au matibabu kulipungua kwa asilimia 27. Muulize daktari wako wa macho.

Na presha! Nimechelewa kuitaja na ni kosa langu. Utafiti wa Uingereza, UKPDS, ulipobana presha (namba ya juu) ya kundi moja hadi wastani wa 144 huku kundi jingine likikaa 154, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44. Nukta kumi tu. Watu wanabeba mashine ya sukari kila mahali na presha hawaijui.

#15 FundiStima

Miguu inawaka usiku kama nimekanyaga makaa. Dawa?

#16 BintiVipimo

Kaka, hapa sina habari za kung'ara. Kuna dawa zinazotuliza maumivu ya neva: amitriptilini, duloksetini, pregabalini. Uingereza walizilinganisha uso kwa uso (OPTION-DM, 2022), zikatoka karibu sare, na kuchanganya mbili kukawasaidia wale ambao moja haikuwatosha. Lakini zinatuliza tu, neva iliyokufa hazifufui. Kati ya madhara yote ya kisukari, mguu ndio uliopata utafiti mdogo kuliko unavyostahili, nadhani kwa sababu mtu akikatwa mguu hakuna kidonge cha kumuuzia.

Kinachofanya kazi kwenye kidonda cha kwenye unyayo ni kukiondolea uzito. Plasta ngumu inayofunika mguu mzima hadi karibu na goti, wiki kadhaa, na kidonda kinaziba. Haina mvuto, na wagonjwa wanaichukia. Wewe unayesikia moto bado una bahati ya aina yake. Ninaowahofia ni wasiosikia kitu. Mwambie muuguzi akupime kwa kile kiuzi cha nailoni cha gramu 10, ni dakika mbili.

#17 Mzee_Kongosho

Mimi nasubiri dawa ya kuponya. Humu kila wiki kuna mtu anaiuza.

#18 BintiVipimo

Mwulize alifuatilia watu wangapi na kwa muda gani, atapotea mwenyewe.

Kilicho cha kweli: utafiti wa DiRECT, Uingereza, watu 306 wa aina ya pili waliogundulika ndani ya miaka sita. Kundi moja lilikunywa lishe maalumu ya kalori 800 na kidogo kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, dawa za sukari zikaachwa. Mwaka ulipoisha asilimia 46 sukari yao ilikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Mwaka wa pili ile 46 ikabaki 36. Wenyewe hawakuita kupona, waliita nafuu, kwa sababu uzito ukirudi nayo inarudi. Kwa miaka 22 yako mzee wangu, na insulini juu, sitakudanganya.

Aina ya kwanza: mwaka 2025 yalitoka matokeo ya seli za kongosho zilizokuzwa maabara. Kati ya watu 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka. Inafurahisha, lakini wanameza dawa za kudhoofisha kinga ili seli zisikataliwe, na washiriki wawili walifariki wakati wa utafiti, ingawa si kwa sababu ya seli zenyewe. Ni watu 12. Tusubiri.

#19 MamaWawili

Dada, mtoto wangu wa pili, miaka 9, mzima. Kuna la kumkinga?

#20 BintiVipimo

La kukinga kabisa hapana, la kuchelewesha lipo. Teplizumabu, dripu ya siku 14. Ilijaribiwa kwa ndugu 76 wa wagonjwa, ambao tayari walikuwa na alama za kinga kushambulia kongosho na sukari iliyoanza kuyumba. Ugonjwa ulichelewa kwa takriban miaka miwili. Marekani waliiruhusu Novemba 2022, kuanzia miaka 8. Lakini kwanza apimwe zile alama kwenye damu. Ndugu wengi wa wagonjwa hawana. Miaka miwili inaonekana midogo, lakini wewe unajua vizuri kuliko mimi kumchoma mtoto wa miaka 9 na wa miaka 11 kunavyotofautiana.

Kitu kimoja kwa wote: kama nyumbani mna vinasaba vya selimundu, hata kama mtu haumwi, HbA1c inaweza kusoma chini ya uhalisia, kama nukta 0.3. Mwambieni daktari, alinganishe na vipimo vya kidole.

#21 Mzee_Kongosho

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Daktari kapunguza insulini ya usiku, jasho limekata. Kanipima na mkojo kama ulivyotaja protini: albumini 140. Ni mwisho wangu?

#22 BintiVipimo

Sio mwisho, mzee wangu. Chini ya 30 ndiyo kawaida, juu ya 300 ndipo tunakunja sura. Ila kipimo kimoja hakitoshi, homa au maambukizi ya mkojo hukipandisha. Kirudiwe, viwili kati ya vitatu vikiwa juu ndani ya miezi michache ndipo tunasema figo inavuja. Ikithibitika, muulize kuhusu losatani (dawa ya presha inayolinda na figo) au ndugu zake kama hujawekewa, kisha kile kidonge cha #12. Na presha yako ni ngapi? Hujawahi kuitaja.

#23 Mzee_Kongosho

158 kwa 90. Nilidhani hiyo si ya uzi huu.